Mpelelezi Asiye na Kipande

Mtungi wa gesi wa jirani uliibwa kwenye ploti yetu hapa Pipeline, ghorofa ya sita. Jirani akapiga ripoti, akapewa nambari ya OB, kesi ikaishia hapo. Mama mboga wa langoni, anayeona kila anayeingia na kutoka, hakuna aliyemuuliza kitu.

Wiki hiyo nilikuwa nasoma Strange Gods ya Annamaria Alfieri (2014). Mwaka ni 1911, nchi bado haijaitwa Kenya, na Vera McIntosh, binti wa mmishonari Mskoti, anasaka aliyemuua mjomba wake. Niliimaliza upesi. Riwaya nyepesi kama hizi zina utamu ambao OB haina: unajua kabisa kwamba mwishoni jina litatajwa. Na anayelitaja ni mtu ambaye wakubwa walimpuuza. Agatha Christie alitumia hila hiyo kwa Miss Marple, kuanzia riwaya ya 1930: ajuza anafuma sweta, nani atamshuku?

Lakini Vera ni mzungu. Wetu je? Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Musiba akaleta Willy Gamba, Mtobwa akamleta Joram Kiango. Wanaume watupu! Nuru wa Joram ni mwerevu, sawa, ila hadithi si zake.

Kwa hivyo wangu ninamuweka Pangani ya zamani, miaka ya 1930, kabla serikali haijaibomoa. Wanawake wengi pale walikuwa wenye nyumba. Walijenga kwa pesa zao, wakapangisha vyumba. Mwenye nyumba anajua nani hakulala kwake, na nani amelipa kodi ghafla baada ya kusota miezi miwili. Halafu kuna kipande. Sheria ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu awe nacho, wengi wakakining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma, alama za vidole humo humo. Wanawake haikuwahusu. Serikali haikuona haja ya kuwaandika. Basi polisi anasimamisha wanaume njia nzima, na yeye anapita na kikapu chake, ushahidi uko chini ya sukuma.

Jana hatimaye nilimuuliza mama mboga kuhusu ule mtungi. Hakuinua macho kwenye kisu.

"Niliongea na mamake," akasema. "Jioni mtaupata mlangoni."