Kwa Waitaliano, Granada
Wasee wakienda Granada, Uhispania, picha ni za Alhambra tu. Sawa, lile jumba ni kali. Lakini mimi historia ya huo mji ningeianzia Gran Vía, kwa duka la aiskrimu linaloitwa Los Italianos, yaani Waitaliano.

Familia moja kutoka kaskazini mwa Italia ililifungua 1936. Hebu angalia huo mwaka. Julai, vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka na wanajeshi waasi wakauteka mji. Agosti, mshairi Federico García Lorca, mzaliwa wa eneo hilo, akauawa nje ya mji. Huo ndio mwaka wa kuanza kuuzia watu raha? Na bado duka liko, na bado ni la familia.

(Baridi yenyewe haikuletwa na wageni. Kabla ya friji, wenyeji walipanda Sierra Nevada na nyumbu, wakashusha theluji usiku ndio jua lisiiyeyushe.)

Kinachonibamba ni kwamba msimu wa baridi wanafunga kabisa. Hakuna ati tuuze chai na chapo ili kodi ilipwe. Machi wakifungua, watu wanapiga foleni ya cassata, keki ya aiskrimu inayokatwa kipande na kusukumwa ndani ya koni.

Halafu hilo jina. Karibu miaka 90 na bado ni Waitaliano. Kwingine, ukiitwa kwa nchi alikotoka babu yako, ujue unaambiwa urudi huko. Granada mtu akisema twende kwa Waitaliano, wote wanaelewa kuwa baridi imeisha.