Ugonjwa Usiouma: Habari za Kupima Presha

  Kabla hatujaanza kusoma, kila mmoja na aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba. Nyamazeni kidogo. Mwasikia pigo? Hiyo ni damu inayosukumwa na moyo, nayo husukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo huitwa shinikizo la damu, au kama watu wengi wasemavyo, presha. Ikizidi mno kwa miaka mingi, huharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Lakini mara nyingi haiumi. Basi, wanadamu walijuaje kwamba ipo?

Aliyeipima kwanza hakuwa daktari. Alikuwa kasisi wa Uingereza, jina lake Stephen Hales. Alimfunga farasi jike akamlaza chini, akatia bomba dogo la shaba katika mshipa wa paja, kisha akaliunganisha na bomba refu la kioo lililosimama wima. Damu ikapanda futi 8 na inchi 3. Pimeni ukutani mwa darasa lenu, mtaona kwamba yapita juu ya mlango! Hales alichapisha habari hizo mwaka 1733. Yalikuwa maarifa makubwa, lakini hayakumfaa mgonjwa hata kidogo. Nani angekubali kutobolewa mshipa namna ile?

Ikapita miaka zaidi ya 160. Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza chombo cha kupimia bila kumwaga damu. Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli, akauzungusha juu ya mkono wa mgonjwa, akaujaza hewa. Hewa ile ilisukuma pia zebaki ndani ya bomba la kioo. Alipoujaza sana, pigo la kifundoni lilipotea. Hapo akasoma zebaki imefika wapi. Lakini alipata namba moja tu, ile ya juu.

Namba ya pili tulipewa na Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Yeye aliweka chombo cha kusikilizia kwenye kiwiko, chini ya ule mpira, akaifungua hewa polepole. Kwanza kimya. Kisha damu ikaanza kupenya, akasikia mlio kama wa kugonga. Baadaye mlio ukatoweka. Mlio unapoanza ni namba ya juu, unapotoweka ni namba ya chini. Taarifa yake haikujaza hata ukurasa mmoja, lakini mpaka leo wauguzi wengi hupima kwa njia hiyo.

Sasa basi, kupima kukawa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kuamua kama presha ya juu itibiwe. Madaktari wengi, tena wasomi, walidhani kwamba mishipa ya mzee imekuwa migumu, kwa hiyo moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ukiishusha presha, walisema, utamdhuru mgonjwa. Tusiwacheke. Dawa za siku zile zilikuwa chache, na baadhi yake zilitesa kuliko ugonjwa.

Tazameni habari ya Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Mwezi wa Machi 1944 presha yake ilikuwa 186 kwa 108. Alipewa dawa ya moyo, akaambiwa apunguze chumvi na sigara, apumzike. Apumzike vipi, na vita kuu inaendelea? Tarehe 12 Aprili 1945 alishikwa na maumivu makali ya kichwa, akazimia. Alipopimwa, presha ilikuwa 300 kwa 190. Alikufa siku ile ile, kwa mshipa uliopasuka kichwani. Mtu mwenye madaktari wote wa taifa kubwa hakuwa na kidonge cha kumwokoa.

Baada ya vita vidonge vilipatikana. Lakini je, vinaokoa kweli? Daktari Edward Freis wa Marekani aliona kwamba maneno hayatoshi, sharti watu wahesabiwe. Yeye na wenzake waliwachukua wanaume waliowahi kuwa askari. Kwanza waliwajaribu kama humeza vidonge kwa uaminifu. Vidonge vilitiwa vitamini inayong'aa katika mkojo ukiangaliwa kwa taa maalumu, basi mwongo alijulikana! Waliobaki walikuwa 143, wote wenye presha ya juu sana. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Watu 73 walipewa dawa, na 70 wakapewa vidonge vitupu vinavyofanana na dawa. Mgonjwa hakujua anameza nini.

Matokeo yalitolewa mwaka 1967. Katika kundi la vidonge vitupu, watu 27 walipatwa na madhara makubwa, na 4 walikufa. Katika kundi la dawa, walioumia vibaya walikuwa 2, wala hakufa hata mmoja. Ni jambo zito kuwaza juu ya wale 27, maana kuumia kwao ndiko kulikotupa jibu. Mwaka 1970 ikatolewa hesabu ya wengine 380, ambao presha yao haikuwa kali hivyo. Nao pia walisaidiwa na dawa.

Huenda mwauliza, na sisi Afrika ya Mashariki? Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison aliandika kwamba aliwapima watu kama 1,000 magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria, wala hakukuta presha inayopanda kwa uzee kama Ulaya. Wengine wakadhani kwamba Mwafrika ana kinga ya kuzaliwa nayo. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini huko huko magharibi kwenda kukaa Nairobi. Waliwapima wao, na wenzao waliobaki nyumbani. Presha za waliohamia mjini zilikuwa juu zaidi, tena tofauti ilionekana mapema, katika miezi ya kwanza. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi, nao walikuwa wazito zaidi. Ukoo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni maisha na chakula.

Katika somo lijalo tutasoma habari za figo, na kazi yake ya kutoa chumvi mwilini. Kwaherini.