Foleni ya Mgonjwa na Hesabu ya Vita



Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, umeshikana na Goma kiasi kwamba mkazi wa Nengo hufika mpakani kwa miguu. Historia imeufundisha mji huu gharama ya msongamano. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka hapo kwa siku chache kuingia Zaire, na kipindupindu na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu makambini. Mwezi Julai 2019 Ebola ilifika Goma. Upande wa Rwanda wasafiri walipimwa joto na kunawa mikono, na kituo cha tiba kikawekwa tayari Rugerero. Basi foleni ya wagonjwa si jambo dogo: waliorundikana barazani huambukizana.

Elimu ya foleni ina asili yake. Mwaka 1909 Mdenmarki Agner Krarup Erlang alichapisha hesabu za simu zinazoingia kwa pamoja katika kituo cha simu. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza wakaweka wanasayansi kando ya makamanda. Kundi la Patrick Blackett lilipima takwimu za misafara ya baharini, likagundua kuwa msafara mkubwa hupoteza meli chache kwa kadiri yake kuliko msafara mdogo. Vita vilipokwisha, hesabu hizo zilihamia viwandani na hospitalini.

Mwaka 1952 Mwingereza Norman Bailey alichunguza foleni za wagonjwa wa nje. Aliona kwamba hospitali zilichunga mno dakika za daktari na kutapanya saa za wagonjwa. Shauri lake lilikuwa jepesi: waitwe wagonjwa wawili mwanzoni, kisha mmoja mmoja kila baada ya muda ambao daktari hutumia kwa kawaida.

Tufanye hesabu. Wagonjwa 40 wanafika pamoja saa moja asubuhi, na kila mmoja anahitaji dakika 10. Wa mwisho atangoja saa sita na nusu. Kwa wastani kila mtu atangoja saa tatu na robo. Wakiitwa kwa utaratibu wa Bailey, na kila mmoja akachukua dakika zile zile 10, hakuna atakayengoja zaidi ya dakika 10. Daktari atamaliza saa saba na dakika 40 katika hali zote mbili. Hakuongezwa mganga wala chumba. Umeongezwa mpango tu.

Lakini wagonjwa si matofali. Mmoja humalizika kwa dakika tatu, mwingine hutaka nusu saa. Mvua huchelewesha, na mama mwenye uchungu hangoji zamu. Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Tangu mwaka 1961 kampuni ya IBM ilipotoa programu iitwayo GPSS, foleni imeweza kuigizwa ndani ya mashine: siku elfu za kubuni hupitishwa, mipango kadhaa hujaribiwa, na mgonjwa wa kweli haguswi. Afisa ataitambua kazi hiyo, kwa kuwa naye hufanya zoezi la ramani kabla ya kupeleka kikosi uwanjani.

Hata hivyo mashine hulishwa kumbukumbu. Rwanda ilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS huko Rwinkwavu mwaka 2006. Msingi kama huo ni wa lazima, maana pasipoandikwa saa ya kufika na saa ya kutibiwa, kielelezo cha kompyuta huwa ramani isiyo na vipimo. Wala kompyuta haizai muuguzi pale asipokuwapo.

Wahenga walinena kwamba subira yavuta heri. Subira ya mgonjwa, hata hivyo, ni mali ya taifa, na haifai kutapanywa. Askari ajuaye thamani ya zamu ya lindo anaelewa: saa iliyopangwa na kuheshimiwa huokoa maisha.