Chama Kisicho na Rungu

Mwaka 1971, mjini Nairobi, watu ambao riziki yao ilikuwa kusema kwa niaba ya serikali, mashirika ya umma na makampuni ya biashara walijiundia jumuiya yao wenyewe, Chama cha Uhusiano wa Umma cha Kenya, na miaka minne baadaye, mwaka 1975, mji huo huo ukashuhudia kuasisiwa kwa shirikisho la vyama vya namna hiyo kutoka pande mbalimbali za bara la Afrika. Mtu aweza kuuliza ni haja gani iliyowakusanya, maana hawakuwa vibarua wa kudai nyongeza ya ujira wala wachuuzi wa kupatana bei. Haja yao ilikuwa heshima. Kazi walikuwa nayo, na mishahara walikuwa nayo, lakini kazi yenyewe ilikuwa imerithi tuhuma za muda mrefu, na bila ya kuzijua tuhuma hizo haiwezekani kufahamu kwa nini chama kile kilijitungia maadili, wala kwa nini baadaye kikaona fahari kubwa katika kugawa tuzo.

Katika mwambao wetu kazi hii ina jadi kongwe. Kabla hapajakuwa na ofisi wala gazeti, mtawala wa mji aliyekuwa na neno la kuwafikishia raia wake alimtuma mpiga mbiu, naye akapita mtaa kwa mtaa akipuliza pembe, watu wakatoka barazani kusikiliza, kwa kuwa kila mmoja alijua ya kwamba ikilia mbiu ya mgambo ina jambo. Juu ya mbiu hiyo ya kila siku ilikuwako siwa, ambayo haikupulizwa ila kwa idhini ya wenye mamlaka, katika arusi na sherehe za wakubwa; na siwa mbili zilizo mashuhuri kupita zote, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu yenyewe, zimehifadhiwa hata leo katika makumbusho ya Lamu. Mpiga mbiu hakuwa na cheti, lakini alikuwa na dhamana iliyo nzito kuliko cheti, nayo ni kwamba alikaa mtaa mmoja na wale aliowatangazia, akaswali nao na kuzikana nao, na neno lake likidhihiri kuwa si kweli walijua mlango wa kubisha.

Dhamana hiyo ilitoweka pale msemaji na msikilizaji walipotenganishwa na bahari. Reli ya Uganda, iliyofika katika ziwa mwaka 1901 kwa gharama iliyozua makelele mengi katika Bunge la Uingereza, ilihitaji abiria wa kulipa, na mnamo mwaka 1908 ikatoa bango la rangi lenye wanyama wa porini waliolizunguka garimoshi, likiwaalika matajiri waje kustarehe katika nyanda za juu za Afrika Mashariki wakati kwao ni majira ya baridi. Bango lile lilitengenezwa kwa ustadi, tena lilifanya kazi yake. Lakini liliisema nchi hii kwa watu wa mbali, na waliokuwa wakiishi kando ya reli ile, ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikisifiwa, hawakuwa miongoni mwa waliosemeshwa.

Serikali nayo ilipoanza kusema na wenyeji ilichukua njia ya gazeti, na hapa sharti nikae kidogo, kwa kuwa sioni mfano ulio bora kuliko huu wa chombo cha dola kugeuzwa na raia kikawa chao. Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, na sauti ya serikali ilisikika humo bila ya kificho: habari za kodi, za kilimo, za afya, na za safari za wakubwa. Hata hivyo wasomaji wake, aghalabu walimu na makarani waliotawanyika katika vituo vya bara na pwani, hawakuridhika kuwa wasikilizaji watupu. Walileta barua, wakaulizana mafumbo, wakajibizana kwa mashairi kutoka wilaya hata wilaya, na miongoni mwa waliopeleka tungo zao huko alikuwako Shaaban Robert, ambaye kwa kazi alikuwa karani wa serikali. Wahariri walikuwa wameweka mimbari. Wasomaji wakaifanya baraza. Serikali, kama ilitaka kujua watu wake wanafikiri nini, ilikuwa na jawabu mezani kila mwezi, bure.

Ikaja na sinema. Baina ya mwaka 1935 na 1937 palifanyika jaribio la kutengeneza picha za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na picha hizo zikachukuliwa kwa lori kutoka mji hata mji, zikaonyeshwa usiku mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuona kitu kama hicho. Mwaka 1952 ilitengenezwa Muhogo Mchungu kwa lugha ya Kiswahili, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali aliyeitwa Rashidi Kawawa. Huyu kijana, aliyejifunza katika utumishi wa dola namna ya kusema na umati ukasikia, ndiye aliyekuja kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, na mwezi wa Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Wakoloni walimpa nyenzo, naye akazitumia kwa shabaha ambayo hawakuikusudia.

Mahali ambapo maneno ya dola yaliaibika ni Kongwa. Baada ya vita Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ukabuniwa mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni 3, kwa matrekta na mabuldoza. Sifa za mpango zilitangulia mavuno. Magazeti ya London yaliandika habari za jeshi jipya la kulima, watu wakajiandikisha kwa maelfu, mawaziri wakausemea Bungeni kana kwamba karanga zilikwisha kukobolewa. Huku Kongwa, mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya chuma, mvua ilikuwa haba, na ardhi ilipokauka ikawa ngumu kama sakafu, karanga zisiweze kung'olewa. Wagogo waliokaa hapo walizijua tabia za udongo ule na za mvua zile tangu enzi za babu zao, na elimu hiyo haikupewa nafasi katika matangazo wala katika hesabu. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilipita pauni milioni 36. Nimeutaja msiba huu kwa urefu kwa sababu unaonyesha bayana kile ambacho watu wa kazi hii walikuja kukikubali kwa shida: kwamba tangazo zuri juu ya jambo bovu huzidisha ubovu, maana huwanyima wakubwa nafasi ya kurudi nyuma mapema.

Kenya ilikuwa na kidonda chake. Tangu ilipotangazwa hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, vipeperushi, magazeti na magari ya vipaza sauti yalitumika katika vita dhidi ya Mau Mau sawa na silaha, na mtu aliyekulia katika vijiji vya mkoa wa kati miaka hiyo hakuwa na sababu ya kuiamini sauti itokayo katika gari la serikali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, maafisa wapya walipokea madawati, mashine za chapa na kamera; na pamoja na hivyo walipokea shaka ya umma.

Ndiyo maana chama kilipoasisiwa, jambo lililopewa uzito lilikuwa maadili. Katika ulimwengu njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Uingereza ilikuwa na taasisi yake tangu mwaka 1948, na wengi wa waanzilishi wake walikuwa maafisa wa serikali za mitaa. Jumuiya ya kimataifa ikaundwa mwaka 1955. Na tarehe 12 Mei 1965 jumuiya hiyo, ikikutana Athens, ikapitisha kanuni zilizoandikwa na Mfaransa Lucien Matrat, ambazo ziliuegemeza msingi wa kazi hii juu ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Kanuni za Athens zinamkataza afisa kuufanya ukweli kuwa mtumwa wa haja nyingine, na zinamtaka aangalie maslahi ya yule anayesemeshwa pamoja na maslahi ya yule anayemlipa. Kwa nchi zilizotoka katika hali ya hatari, kifungu hicho hakikuwa pambo.

Lakini kanuni bila ya nguvu ni nasaha tu. Daktari akifutwa katika orodha hawezi tena kutibu, na wakili hali kadhalika. Bali afisa uhusiano aliyefukuzwa chamani Nairobi mwaka 1971 angeweza kesho yake kukaa katika ofisi ile ile, kwa mshahara ule ule, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyomlazimu kuwa mwanachama. Nigeria ililitatua jambo hili kwa amri ya mwaka 1990 iliyoipa taasisi yao mamlaka juu ya wote waifanyao kazi hiyo. Chama cha Nairobi kililazimika kutembea bila rungu. Na chama kisichoweza kuadhibu, kikitaka kuwaonyesha watu lililo jema, hubakiwa na njia moja, nayo ni kusifu.

Kwa mtazamo huo tuzo zinazogawiwa kila mwaka katika hafla za chama, ambazo mpita njia huziona kuwa ni karamu na makofi, zina kazi nzito kuliko inavyodhaniwa, maana ndizo hukumu pekee ambazo chama hutoa hadharani. Wamarekani walitangulia katika desturi hii: tuzo yao ya Fuawe la Fedha inatoka katika miaka ya 1940, na klabu ya watangazaji ya Chicago imekuwa ikitoa Tarumbeta la Dhahabu tangu mwaka 1959, jina ambalo mtu wa Lamu angelipokea bila ya kuhitaji kufasiriwa. Katika Fuawe la Fedha mshindani hupeleka jalada lenye mambo manne: alichunguza nini kabla ya kuanza, alipanga nini, alitenda nini, na mwisho alipimaje matokeo.

Lile la nne ndilo lenye insafu, na ndilo linaloghushiwa kwa wepesi. Chukua shirika la maji linalotaka kufunga mabomba ya mtaa kwa siku tatu. Jalada laweza kujaa vipande vya magazeti, picha za mkutano na idadi ya mara tangazo liliposomwa redioni, na waamuzi wakastaajabu. Ilhali swali ni moja, nalo ni je, mama mwenye mgahawa mdogo mwisho wa mtaa alijaza mapipa yake kabla ya bomba kukauka, au alijua habari alipofungua mfereji? Asiyeweza kulijibu swali hilo kwa ushahidi hastahiki medali, hata kama bango lake lapendeza kama lile la Reli ya Uganda.

Kwa hiyo ningependa kuona mambo mawili katika hafla hizi, na nayasema kwa kuitakia kheri kazi hii. La kwanza, meza ya waamuzi iwe na viti vya watu wasio wa fani: mwalimu, mkulima, mfanyabiashara wa sokoni, ambao wanajua kupokea tangazo kulikoje. La pili, majalada yaliyoshinda yachapwe pamoja na majina na hesabu zake, yapelekwe katika vyuo na maktaba za mikoa, ili wakazi wa mtaa uliotajwa ndani yake wapate kuyasoma, na yeyote kati yao aliyeona mambo kinyume aweze kuandika barua.