Jinsi ya kuchagua gramafoni na kuanza kusikiliza sahani za santuri

Na MWANDISHI WETU

KATIKA baadhi ya nyumba za mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni, Makongeni na Bahati hadi Jericho na Buruburu, zingalipo sahani za santuri zilizonunuliwa na wazee enzi ambapo River Road ilikuwa kitovu cha biashara ya muziki. Gramafoni zenyewe aghalabu ziliharibika zamani au ziliuzwa, na sasa vijana waliorithi sahani hizo wanatafuta namna ya kuzisikiliza.

Uamuzi wa gramafoni ya kununua si wa anasa tu. Nyimbo nyingi zilizorekodiwa Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970 zilitolewa na kampuni ndogo ndogo, kwa nakala chache, na hazikuwahi kutolewa upya katika kanda wala diski za kisasa. Kwa baadhi ya nyimbo hizo, sahani iliyosalia nyumbani ndiyo nakala pekee inayoweza kupatikana. Sindano mbovu huweza kuiharibu kwa siku chache, na sauti iliyokwanguliwa hairudi tena.

Itambue sahani yako

Kabla ya kununua chochote, zikague sahani ulizo nazo. Zipo za aina tatu.

Za kwanza ni za mizunguko 78 kwa dakika. Ni nzito, nyeusi na huvunjika kama kigae. Ndizo zilizotumika tangu enzi za Siti binti Saad, aliyerekodi mjini Bombay mwaka wa 1928, hadi siku za kina Fundi Konde.

Aina ya pili ni sahani ndogo za inchi 7, zenye mizunguko 45 kwa dakika. Hizi ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya muziki wa Kenya, ukiwemo wa benga. Kwa kuwa kila upande una nafasi ya dakika chache tu, wimbo mrefu uligawanywa: maneno upande wa kwanza, na magitaa yakaendelea kuchacha upande wa pili. Baadhi zina tundu kubwa katikati, nazo huhitaji kipande cha plastiki cha kulijaza.

Aina ya tatu ni sahani kubwa za inchi 12, zenye mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1948.

Gramafoni nyingi za kisasa zina kasi mbili tu, 33 na 45. Mwenye sahani za 78 sharti atafute yenye kasi zote tatu pamoja na sindano ya pili, kwa kuwa mifereji ya 78 ni mipana zaidi. Ncha ya sindano yake ina upana wa takriban mara nne ya ile ya kawaida. Usitumie sindano moja kwa aina zote.

Sindano kwanza, urembo baadaye

Gramafoni za bei nafuu zilizotengenezwa kwa umbo la mkoba huvutia macho. Hata hivyo, nyingi huikandamiza sahani kwa uzito wa gramu tano au zaidi, na hazina njia ya kuupunguza. Sindano nzuri ya kawaida huhitaji takriban gramu mbili. Muulize muuzaji maswali matatu: Je, sindano ni ya almasi? Inaweza kubadilishwa? Mkono una uzani wa nyuma unaoweza kurekebishwa? Ikiwa majibu yote ni la, tafuta nyingine.

Zipo gramafoni ndogo za kujiendesha zenye uzito uliopangwa kiwandani, mathalani Audio-Technica AT-LP60, ambazo humfaa anayeanza. Mwenye uwezo zaidi huweza kutafuta zinazozungushwa na mota moja kwa moja bila mkanda, kama vile Technics SL-1200 iliyozinduliwa mwaka wa 1972 na kupendwa na madijei. Zenye mkanda pia ni nzuri, ila mkanda hulegea kadiri miaka inavyopita na sharti ubadilishwe.

Tahadhari ya umeme

Gramafoni kuukuu kutoka ng'ambo huhitaji uangalifu. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50, ilhali wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, na wa Japani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja, mashine huungua. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi hezi. Kwa hivyo, baadhi ya mota za zamani zilizoundwa kwa hezi 60 huzunguka polepole hapa nchini, na mwimbaji husikika kana kwamba ana usingizi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa, na umwombe muuzaji aiwashe ukisikiliza.

Jambo jingine ni amplifaya. Sauti inayotoka kwenye sindano ni hafifu mno. Ni lazima ipite katika kikuza sauti maalumu cha gramafoni, kilichomo ndani ya gramafoni yenyewe, ndani ya amplifaya au katika kisanduku cha kando. Kikikosekana, sauti itakuwa ndogo na isiyo na besi.

Kuiweka nyumbani

Iweke gramafoni juu ya meza thabiti na uhakikishe imelala sawasawa kwa kutumia pima maji ya mafundi wa ujenzi. Usiiweke juu ya spika wala kwenye meza moja nazo, kwani mtikisiko wake hurudi kwenye sindano na kuleta mvumo. Kama kuna waya mwembamba wa kutuliza umeme, ufunge kwenye amplifaya. Ikiwa mkono unarekebishwa, zungusha uzani wa nyuma hadi mkono uelee bila kupanda wala kushuka, kisha uongeze gramu zilizotajwa na mtengenezaji wa sindano.

Kununua na kutunza

Anayetaka kuongeza sahani huweza kuanzia kwa jamaa na majirani. Nje ya Eastlands, kibanda cha James Rugami katika Soko la Kenyatta kimejulikana kwa miaka mingi kwa biashara hii. Popote uendapo, itoe sahani katika jalada lake na uinamishe chini ya mwanga. Mikwaruzo myembamba huvumilika, lakini ule unaokwama ukucha utasikika. Itazame pia kwa ubavu kuona kama imepinda.

Vumbi na joto ndio maadui wakuu. Zisimamishe sahani wima kama vitabu, mbali na dirisha lenye jua na mbali na paa la mabati. Zishike kwa ukingo. Pangusa vumbi kwa brashi laini kila mara kabla ya kucheza. Zilizochafuka sana zioshwe kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha zikaushwe vizuri. Sahani za 78 kamwe zisiguswe kwa spiriti, kwani huyeyusha uso wake.

Sindano ya almasi hudumu kati ya saa 500 na 1,000 za kusikiliza. Iliyokuja na gramafoni kuukuu haina historia inayojulikana, kwa hivyo ibadilishe kabla ya kuweka sahani ya kwanza.

Hatimaye, sahani adimu irekodiwe kwenye kompyuta mara tu gramafoni itakapokuwa sawa, na jina la mwanamuziki, kampuni na nambari iliyochapishwa katikati viandikwe kando yake. Shirika la Ketebul Music la Nairobi lilionyesha thamani ya kazi hiyo mwaka wa 2008 lilipotoa simulizi la historia ya benga. Ukisha kurekodi, sahani yenyewe ipumzike, na nakala ndiyo ichezwe kila siku.