Chumvi ya Uvinza na Neno Ustaarabu

Ramani ya Mwamgongo ni rahisi kuchora: ziwa, mchanga, nyumba, mlima. Basi. Kijiji chetu kimebanwa kati ya maji na ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, na anayekwenda Kigoma mjini hupanda boti. Shuleni tulijifunza kuwa ustaarabu wa kale ulizaliwa na mito. Naili ilipewa kurasa zake, Bara Hindi nalo zake: Himalaya ikilikinga kaskazini, mto Indus na matawi yake ikiilisha miji ya Harappa na Mohenjo-daro. Jiografia kwanza, watu baadaye. Hoja nzuri, ila hakuna aliyeileta huku kwetu, kana kwamba sisi hatuna jiografia.

Tunayo, tena ya kutisha. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal tu, kule Urusi, linalolizidi kwa kina. Mlima unaingia majini ghafla, na sehemu nyingi za mwambao hazina tambarare ya kulisha mji mkubwa. Anayetafuta hapa kuta za matofali ya kuchoma kama za Mohenjo-daro atarudi mikono mitupu. Mimi naona kosa liko kwenye swali. Ardhi hii ilitoa kitu kingine, nacho kiko Uvinza.

Uvinza iko karibu na mto Malagarasi, ambao humwaga maji yake ziwani kusini mwa Ujiji. Kuna chemchemi za maji ya chumvi kali. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo wakakuta mabaki ya majiko na vigae vya vyungu, tabaka juu ya tabaka. Vipimo vya kaboni vilionyesha kuwa watu walikuwa wakichemsha chumvi tangu karne ya 5 au ya 6 hivi, zama ambazo wafalme wa Gupta walikuwa bado wanatawala kaskazini mwa Bara Hindi.

Tafakari jiko moja tu la chumvi. Linataka kuni nyingi, kila siku. Linataka mfinyanzi, maana chungu hupasuka. Linataka kiangazi, kwa kuwa mvua huyazimua maji ya chemchemi. Halafu linataka mnunuzi, kwani hakuna familia inayokula chumvi ya msimu mzima. Katika karne ya 19 watu walimiminika Uvinza kila kiangazi, wengine kutoka Buha na Burundi, wakajenga vibanda vya muda, wakachemsha, na watawala wa Wavinza wakachukua sehemu yao kama ushuru. Hapo kuna kazi ya msimu, kodi na biashara ya mbali. Kilichokosekana ni jengo la kupigia picha.

Kalambo nako, kusini mwa ziwa mpakani na Zambia, kuna magogo mawili yaliyochongwa yakapachikwa miaka 476,000 hivi iliyopita, kabla hata ya binadamu wa aina yetu. Habari hiyo ilitangazwa 2023. Naitaja kwa kupita tu. Naogopa mashindano ya nani alitangulia.

Neno lenyewe, ustaarabu, linanisumbua. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuwa kama Mwarabu. Kwa kipimo hicho historia ya mwambao huu ingeanzia kwa misafara ya kutoka pwani katika karne ya 19. Lakini Burton na Speke walipoingia Ujiji Februari 1858, chumvi ya Uvinza ilikuwa imekwisha kuchemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Na soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake. Verney Lovett Cameron, aliyefika 1874, aliandika kuhusu shanga zilizoitwa sofi. Soko likifunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi shanga zao za aina nyingine. Soko likifungwa, walizipokea tena sofi zilezile kutoka kwa wauzaji, wakipata faida asubuhi na faida jioni. Leo tungewatafutia leseni.