Fizikia ya Mpemba

Juma hili tuzungumze juu ya barafu. Ukipita Mbagala, Tandika, Manzese au Mwananyamala wakati wa joto la Januari, hukosi kuona kibao cha mkono kilichotundikwa mlangoni: barafu zinapatikana hapa. Ndani kuna friza, na ndani ya friza kuna juisi ya ukwaju au ya ubuyu. Mama mwenye biashara hiyo ana hesabu moja kichwani. Umeme upo sasa hivi, jioni haijulikani, na watoto watatoka shule saa nane. Je, mzigo huu utaganda saa ngapi?

Hesabu ya namna hiyo, ya mtu mwenye haraka mbele ya jokofu, ndiyo iliyozaa swali la fizikia ambalo leo linabeba jina la Mtanzania duniani kote. Jina lenyewe ni Mpemba. Wako wanaodhani linatokana na kisiwa cha Pemba, lakini hapa ni jina la mtu, Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi wa pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wagombea wengi. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, alichanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha akayatia ndani. Mpemba naye, alipoona nafasi inakwisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, ingawa alijua kwamba anaweza kuliharibu jokofu la shule. Baada ya saa moja na nusu walifungua. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alikubali, kama wanafunzi wengi wanavyokubali, na pengine yangeishia hapo. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, na huyo akamwambia kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Kwa wauzaji wale halikuwa ajabu. Ilikuwa kazi tu.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo ya juu ya sekondari, somo la joto lilipofunguliwa aliuliza tena. Mwalimu mwingine, jibu lile lile, na mara hii na dhihaka juu yake: hiyo si fizikia ya dunia, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Tangu siku hiyo, kila alipokosea, hata katika hisabati, darasa zima lilikuwa na neno la kumtupia. Mchana mmoja alikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia kwenye friza. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini ile ya maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu zaidi.

Sasa tuje Dar es Salaam. Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya. Mmoja wa walimu wa fizikia pale alikuwa Dakta Denis Osborne, Mwingereza, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Balozi wa nchi yake nchini Malawi. Mkuu wa shule ya Mkwawa alimwalika azungumze juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Wakati wa maswali Mpemba alisimama: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi kile kile, yakitiwa kwenye jokofu, ya nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakaangua kicheko. Walikuwa wanaona haya mbele ya mgeni.

Osborne hakuamini. Yeye mwenyewe ameandika hivyo. Lakini aliahidi kujaribu, na aliporudi Mlimani akamwagiza msaidizi mmoja wa maabara. Msaidizi huyo akaja na taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kweli, akaongeza kwa moyo mkunjufu kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka jibu sahihi lipatikane.

Hapo tumekwisha kutoka katika fizikia na kuingia katika saikolojia. Mwanasaikolojia Solomon Asch, nchini Marekani, katika miaka ya hamsini alikuwa akiwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Mtu mmoja tu chumbani ndiye aliyekuwa akipimwa. Wengine walikuwa wamepangwa wajibu makosa kwa sauti moja. Takriban theluthi moja ya majibu ya yule aliyepimwa yalifuata makosa ya wengi, ingawa macho yake yalikuwa yanaona vizuri. Lakini Asch aliona pia kwamba akipatikana mwenzake mmoja tu chumbani anayesema ukweli, utii ule hupungua sana. Kwa maoni yangu, huyo mmoja kwa Mpemba alikuwa muuza aiskrimu wa Tanga. Bila yeye, macho ya kijana yule yangeshindwa na kicheko cha darasa.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Osborne alitoa vipimo vyake: muda mrefu kuliko wote kabla ya kuanza kuganda ulikuwa wa maji yaliyoanzia nyuzi 25, na yaliyoanzia karibu nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi kwa mbali. Lakini sehemu ya Mpemba ni hadithi. Imesimuliwa na mtu wa kwanza, ina jokofu, ina maziwa, ina mwalimu na kicheko chake. Mtu wa fasihi akiisoma ataitambua mara moja. Na si ajabu ikatokea wakati ule. Mwezi Oktoba 1968, katika Chuo cha Nairobi, kilichokuwa pamoja na cha Dar es Salaam ndani ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na masimulizi ya mdomo, iwe kitovu cha masomo. Wao waliuliza ni hadithi ya nani inayostahili kusomwa darasani. Mpemba, bila ya waraka, alikuwa amekwisha kuingiza ya kwake katika jarida la fizikia.

Je, jambo lenyewe ni kweli? Hapa wataalamu bado wanavutana. Aristotle alikuwa ametaja jambo kama hilo zamani. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kuaminika katika maji. Kusogeza kipimajoto sentimeta moja tu kunaweza kubadili jibu. Mwaka uliofuata Lu na Raz walitoa nadharia ya hesabu ikionyesha kwamba kitu cha moto zaidi kinaweza kutangulia kupoa kwa kuwa kimepita njia nyingine. Ni kama aliyetoka Mbagala kwa Barabara ya Kilwa ikiwa nyeupe, akafika Posta kabla ya jirani wa Magomeni aliyekwama Jangwani kwenye mafuriko. Mwaka 2020, nchini Kanada, Kumar na Bechhoefer walilithibitisha kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, na tangu hapo wanafizikia wa nadharia wamelipeleka hata kwenye ulimwengu wa kwanta. Katika makala zao zote jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba, na hakuna anayecheka.

Mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Makala ya 1969 ilipotoka alikuwa anasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ya maisha ilikuwa wanyamapori, katika utumishi wa serikali. Mwaka 2012 Chama cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri kuliko wengine kwa nini maji ya moto hutangulia. Yalikuja majibu 22,000. Januari 2013 Mpemba alikuwa London kwenye hafla ya kumtangaza mshindi, mkemia kutoka Kroatia.